Miaka 11 na silikoni kifuani: maoni ya muuza sidiria wa Kariakoo

Naanza na nyota, maana najua wengine mnasoma hapo halafu mnaondoka. Bidhaa yenyewe, silikoni za matiti: nyota 2 kati ya 5. Kliniki ya Istanbul iliyoniwekea Oktoba 2013: nyota 1, na hiyo moja naitoa kwa haki, kwa sababu mshono wao ulikuwa mzuri na kovu halionekani. Daktari wa Nairobi aliyezitoa Agosti 2024: nyota 5. Majina sitaji, ya kliniki wala ya kampuni iliyotengeneza. Ninachopima hapa ni kitu chenyewe, pamoja na huduma ambayo ilitakiwa kuja nacho.

Hospitalini wanaziita vipandikizi. Mimi nitasema silikoni, maana kwetu ukisema kipandikizi mtu anafikiria kijiti cha uzazi wa mpango. Nesi mmoja wa zahanati ya mtaani aliposikia nina vipandikizi viwili alinishika mkono akaanza kuvitafuta chini ya ngozi.

Nauza sidiria na nguo za ndani Mtaa wa Kongo tangu 2008. Kwa siku napima vifua 20, siku za Ramadhani na Desemba zaidi ya hapo. Ninaposema kitu kuhusu kifua cha mwanamke nasema nikiwa na futi ya kupimia shingoni, na nasema pia kama mtu anayeuza. Mteja akishika sidiria ya leisi ya bei rahisi namwambia dada, hii ukiifua kwa mashine waya utatoka ndani ya miezi mitatu. Anaweza kuinunua, na wengi wananunua, lakini anatoka dukani anajua. Nawaomba mkumbuke hilo mnaposoma malalamiko yangu, kwa sababu hayo ndiyo malalamiko yenyewe.

Istanbul sikwenda kwa ajili ya matiti. Nilikwenda Laleli, mtaa wa maduka ya jumla kulekule Istanbul, kufuata mzigo, kama tunavyokwenda wengi wa Kariakoo. Nilikuwa na miaka 32, nimeshanyonyesha watoto wawili, na kifua kilikuwa kimekwisha. Mkalimani wangu, kijana wa Kitanzania aliyekuwa akisoma kule, ndiye aliyeniambia, "Dada, wenzako wanakuja kufunga mzigo na wanarudi wamejirekebisha. Kuna kliniki nawapelekea watu." Dola 3,200, kila kitu ndani: upasuaji, hoteli siku nne, gari la kunitoa na kunirudisha uwanja wa ndege. Kwa wakati ule ilikuwa kama milioni 5. Nilikuwa na dola 9,000 za mzigo mkononi. Nilipunguza mzigo.

Daktari alinipa dakika 20. Niliuliza maswali mawili tu, na najilaumu kwamba hayakuwa kumi. La kwanza niliuliza kama zile ni za Kifaransa. Mwaka ule kesi ya kampuni ya PIP ya Ufaransa ilikuwa ikisikilizwa Marseille na hata redio zetu zilisema. Walijaza silikoni ya viwandani badala ya ile ya kitabibu ili wapunguze gharama, wakauza dunia nzima, na Ufaransa peke yake wanawake kama 30,000 walikuwa nazo. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa miaka 4 jela Desemba ya mwaka huohuo, miezi miwili baada ya mimi kuwekewa zangu. Daktari akacheka akasema hapana, hizi ni za daraja la juu. La pili niliuliza zinadumu muda gani. Akasema zina waranti ya maisha.

Mfanyabiashara mzima, nikasikia "waranti ya maisha" na sikuuliza waranti inalipa nini. Nilikuja kujua baadaye: ikipasuka, kampuni inatoa silikoni nyingine. Tiketi, kitanda, nusukaputi, daktari na siku za kufunga duka ni zako.

Akanipa sampuli mbili nishike. Moja laini kabisa, inateleza. Nyingine ngozi yake ilikuwa inakwaruza vidole kama ulimi wa paka. Akasema hiyo ya msasa ndiyo nzuri, inashikana na nyama, haizunguki, na kovu halikazi sana kuizunguka. Hakunidanganya, ndivyo madaktari wengi walivyoamini miaka ile. Nikachukua za msasa, mililita 325 kila upande, chini ya msuli, mkato ukiwa kwenye mkunjo wa chini ya titi.

Kuna jambo alilijua, au alitakiwa kulijua, na hakulisema. Mwaka 2011, miaka miwili kabla sijapanda kile kitanda, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishaandika wazi kwamba mmoja kati ya wanawake watano wanaoongeza matiti atalazimika kutolewa silikoni ndani ya miaka 10. Mmoja kati ya watano. Fundi akiniambia mabati haya nyumba moja kati ya tano itavuja kabla ya miaka 10, naweza kuyanunua, lakini nitaweka akiba ya kuezeka upya. Mimi sikuweka akiba kwa sababu nilijua nimemaliza.

Sasa niseme mazuri, kwa sababu yalikuwepo na sitaki kuyafuta. Wiki mbili za kwanza kifua kilikuwa kama kimepangiwa matofali, na wiki sita sikuweza kushusha boksi kutoka rafu ya juu. Baada ya hapo nilikuwa mwanamke mwingine. Nilitoka 34B nikawa 36D. Kwenye kitchen party ya mdogo wangu, Machi 2014, nilivaa gauni la kijani la mabega wazi, bila mikanda, bila sponji, na picha ile hadi leo iko ukutani. Sikuvaa vile kwa ajili ya mume. Mume wangu hakuwa amelalamika. Nilifurahi, na nilifurahi kwa miaka minne mfululizo. Mwanamke anayeniambia anataka silikoni simwoni mjinga hata kidogo. Najua anachokitafuta, nilikipata.

Mwaka 2016 nilijifungua mtoto wa tatu. Nilinyonyesha. Mkato wa chini ya titi haukupita kwenye chuchu, na maziwa yalitoka, kulia zaidi ya kushoto. Wanaokatwa kwa kuzunguka weusi wa chuchu wengine hupata shida hapo, basi kama bado unataka kuzaa, hilo ni swali la kuuliza mapema, kabla ya bei.

Titi la kulia lilianza kukaza mwaka 2018. Mwanzoni nililiona asubuhi tu, nikiwa nimelalia tumbo: upande mmoja unazama kwenye godoro, mwingine unanisukuma juu. Baadaye nikaanza kuliona kwenye kioo. Lilipanda, likawa duara, linang'aa ngozi. Ukibonyeza ilikuwa kama kubonyeza embe bichi kupitia kanga. Nikikaa mahali penye kiyoyozi lilikuwa baridi kuliko mwili wote, na baridi ile ilikaa hata nikitoka juani.

Mwili ukiwekewa kitu kisicho chake hukizungushia utando wa kovu. Kila mwenye silikoni anao utando huo. Kwa wengine unabaki mwembamba na mtu hajui kama upo. Kwa wengine unasinyaa, kama kitambaa cha pamba kinavyorudi baada ya kufuliwa, na silikoni iliyo ndani inabanwa. Madaktari wana madaraja manne ya Baker: la 1 titi ni laini kama lilivyo, la 2 lina ugumu kidogo lakini jicho halioni, la 3 ni gumu na umbo limeharibika, la 4 ni gumu na linauma. Nilipopimwa mara ya kwanza nilikuwa la 3. Nilipokwenda Nairobi nilikuwa la 4, na nilikuwa nalala chali mwaka wa tano.

Niliandikia kliniki. Namba ya WhatsApp waliyonipa ilikuwa na picha ya duka la samani. Barua pepe ilirudi. Nikamtafuta yule mkalimani, alishamaliza masomo, akaniambia kliniki ilifungwa ikafunguliwa kwa jina lingine na daktari hayupo. Hapo ndipo nilipoiondolea nyota nyingine zote. Kasoro ya bidhaa naweza kuisamehe. Mtu kuuza kitu kitakachokaa ndani ya mwili wangu miaka 10 na yeye asipatikane hata miaka 5, hilo silisamehi.

Julai 2019, kwenye grupu la wafanyabiashara wa Uturuki, mtu akatuma sauti: silikoni za msasa zinaleta saratani, zinarudishwa dunia nzima. Nilikuwa napanga mzigo. Nilikaa chini palepale sakafuni katikati ya maboksi.

Habari ilikuwa kweli, ingawa ile sauti iliikuza. Tarehe 24 Julai 2019, kwa kuombwa na mamlaka ya Marekani, kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote silikoni zake za msasa za BIOCELL. Ufaransa ilikuwa imeshapiga marufuku za msasa mkali tangu Aprili. Saratani yenyewe si ile ya titi tunayoijua. Ni ya seli za kinga ya mwili, inaota kwenye ule utando au kwenye maji yanayojikusanya kuizunguka silikoni, mara nyingi miaka mingi baada ya upasuaji. Mamlaka ilikuwa imehesabu wagonjwa 573 dunia nzima, 33 wakiwa wamefariki, na kati ya hao 573, 481 walikuwa na silikoni za kampuni hiyo moja. Wanawake wenye silikoni duniani ni mamilioni, kwa hiyo ni ugonjwa wa nadra. Ukigundulika mapema, kutoa silikoni pamoja na utando wake huwaponya wengi. Na mamlaka yenyewe ilisema asiye na dalili hahitaji kukimbilia kuzitoa.

Hayo yote niliyasoma baadaye. Siku ile nilitaka kujua kitu kimoja: zangu ni za nani? Nilijua ni za msasa, jina la kampuni nilikuwa nimelisahau. Nilifunga duka saa tisa, nikaenda nyumbani, nikamwaga kitandani lile kopo la biskuti la vyeti vya kuzaliwa na risiti za ada. Kadi ilikuwa ndani ya kliniki kadi ya mtoto wa pili. Kadi ngumu, ndogo kama ya benki, upande mmoja Kituruki na upande wa pili Kiingereza, na stika mbili zimebandikwa: kushoto, kulia. Jina la kampuni, aina, mililita 325, namba ya siriali, mwaka. Hazikuwa za BIOCELL. Nililia hata hivyo.

Kwenye duka langu nimeshakutana na wanawake saba wenye silikoni, walioniambia wenyewe nikiwapima. Wawili tu ndio wenye kadi. Mmoja ya kwake ilitupwa na mume aliposafisha kabati. Wengine wanne hawakuwahi kupewa, au walipewa wakadhani ni kadi ya hoteli. Siku kampuni ikitangaza kurudisha, au daktari akitaka kujua anakata nini, kadi ile ndiyo inayojibu. Ipigeni picha, itumeni kwa dada zenu, iandikeni nyuma ya Kurani au Biblia kama mnaandika tarehe za kuzaliwa watoto.

Mwaka 2021 nilifikisha 40 nikaenda kupimwa matiti kwa mashine ya mamografia, kwa utaratibu wa kawaida. Nilimwambia mpimaji kabla hajanigusa, na nashukuru nilisema. Silikoni inaficha sehemu ya titi kwenye picha. Ukisema, anasukuma silikoni nyuma kuelekea mbavuni, anavuta nyama ya titi mbele, anapiga picha za ziada: nne kila titi badala ya mbili. Alikuwa binti mdogo lakini alijua kazi yake. "Pole mama, vumilia kidogo, upande huu umekaza," alisema, na akasimamisha mashine pale nilipoguna.

Novemba 2023, Jumamosi, navaa kwenda dukani, upande wa kushoto haukuingia kwenye sidiria. Upande wa kushoto, ule mzima, ule ambao haukuwahi kunisumbua. Siku tisa baadaye ulikuwa umezidi wa kulia karibu kwa saizi mbili. Haukuuma. Haukuwa na joto. Hospitali ya kwanza daktari alinipa dawa za kuua bakteria za siku 7 na kuniambia huenda nimejigonga. Titi lenye silikoni likivimba ghafla miaka mingi baada ya upasuaji, maji yale yanatakiwa yavutwe na yapelekwe maabara. Yeye hakuwa anajua, na simchukii, lakini siku 7 zile nilizitumia kumeza vidonge.

Hospitali ya pili walinipiga altrasaundi, wakaona maji, wakavuta kwa sindano huku wanaangalia kwenye skrini. Mililita 120, rangi kama ya chai ya rangi iliyopoa. Daktari akaandika kwenye fomu herufi mbili na namba, CD30, akaniambia, "Mama Nasra, hiki ndicho kipimo tunachokitaka, cha kutafuta ile saratani ya utando. Wakikuletea majibu ambayo hayana hiki, yarudishe." Sampuli ilipelekwa Nairobi. Majibu siku 11.

Katika siku 11 zile ndipo nilipompigia mama yangu Tanga. Nilikuwa sijamwambia kwa miaka 10.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekauka?"

Nikamwambia yote, Laleli, dola, maji. Alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Yule mtoto wako wa tatu, alinyonya nini?" Nikamwambia alinyonya mimi, mama. Akasema, "Basi njoo ukae kwangu mpaka majibu yatoke. Duka atakaa Nasra." Hakunigombeza siku ile na hajanigombeza mpaka leo.

Kwake, usiku, nikisoma kwenye simu, nilikutana na habari ya mwanamke wa kwanza duniani kuwekewa silikoni za matiti. Timmie Jean Lindsey, Houston, Texas, 1962. Alikwenda hospitali kufutwa mchoro aliochorwa kifuani. Madaktari wakamuuliza kama angekubali kujaribiwa kitu kipya. Yeye alichokuwa anakitaka ni masikio yake yarekebishwe, yalikuwa yamechomoza. Wakakubaliana, masikio na matiti pamoja. Nilimfikiria sana. Na yeye alikuwa amefuata kitu kingine. Miaka 30 baadaye, 1992, Marekani ilisimamisha silikoni zilizojazwa jeli, kama zangu, kwa wanaotaka urembo kwa sababu kampuni hazikuwa na ushahidi wa kutosha wa usalama, na haikuziruhusu tena hadi 2006. Miaka 30 wanawake walikuwa wanavaa, ndipo anaulizwa muuzaji ushahidi.

Majibu: CD30 hakuna. Maji yalikuwa ya utando kukwaruzwa na silikoni, hakuna saratani. Daktari akataka MRI, picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku, kabla hatujafurahi, laki 6 nikalipa, na MRI ikaleta jambo ambalo hakuna aliyekuwa analitafuta. Silikoni ya kulia ilikuwa imepasuka. Ilipasuka lini haijulikani, maana za jeli zikipasuka haziporomoki kama puto, zinakaa palepale ndani ya utando na kimya. Alinionyesha kwenye picha mistari myeusi iliyojikunja ndani ya duara. "Hii ndiyo ngozi ya silikoni, imeanguka ndani ya jeli yake. Sisi tunaiita alama ya tambi." Ni tambi kweli, ukishaonyeshwa huwezi kuona kitu kingine.

Kwa sababu hiyo ya kupasuka kimya, mamlaka ya Marekani inashauri mwenye silikoni za jeli apigwe altrasaundi au MRI mwaka wa 5 au wa 6, kisha kila miaka 2 au 3, hata kama hajisikii chochote. Mimi ya kwanza nilipiga mwaka wa 10. Ongezeni gharama hiyo kwenye bei mnayotajiwa.

Sasa daktari wa Nairobi. Nilielekezwa na huyo wa Dar. Alikaa na mimi saa nzima na dakika kumi. Alichora titi kwenye karatasi, msuli, utando, silikoni. Akanipa njia tatu: kutoa na kuweka mpya, kutoa na kuinua ngozi, kutoa na kufunga basi. Niliuliza kuhusu mpya, sitaficha, bado nilikuwa nazitaka. Akasema, "Mama, hata nikikuwekea mpya, hesabu inaanza upya kutoka moja. Fikiria ukiwa na 54." Akaleta karatasi ya maelezo, akaisoma mstari kwa mstari kwa Kiswahili, na kila mstari nikatia sahihi: silikoni si za maisha, zinaweza kukaza, zinaweza kupasuka, kuna saratani ya nadra, huenda ukahitaji upasuaji mwingine. Marekani tangu Oktoba 2021 karatasi kama hiyo ni lazima kabla ya kuuziwa, pamoja na onyo kwenye maboksi. Ilinichukua miaka 10 kusomewa karatasi hiyo, na nilisomewa na mtu anayezitoa.

Nilimuuliza pia kuhusu uchovu. Tangu kama 2019 nilikuwa nachoka mchoko wa ajabu, viungo vya vidole vinauma asubuhi, nasahau bei za mzigo wangu mwenyewe. Wako wanawake maelfu wanaosema hivyohivyo, na wanauita ugonjwa wa silikoni. Akaniambia kweli: hakuna kipimo cha ugonjwa huo, wengi wanasema wanapata nafuu baada ya kutoa, wengine hawapati, na yeye hawezi kuniahidi. Nilimwamini zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa vyeti vyake vilivyokuwa ukutani.

Shilingi 480,000 za Kenya, karibu milioni 9 na nusu za kwetu. Nilizikusanya kwa miezi tisa, kikoba, kibubu, na mzigo mmoja wa Laleli ambao sikuufuata.

Upasuaji ulichukua saa tatu na nusu. Alitoa silikoni pamoja na utando wote pande zote mbili. Upande uliopasuka aliutoa ukiwa mzima kama kifurushi, asije akamwaga. Nilimwomba nizione na siku ya pili akaniletea kwenye sinia la chuma.

Ya kushoto ilikuwa nzima, imegeuka rangi ya samli, na upande mmoja utando ulikuwa bado umeing'ang'ania. Ya kulia alikuwa ameufungua utando wake. Ndani mlikuwa na jeli inayovutika. Aliinua kidogo kwa koleo ikaja na uzi mrefu, kama mlenda unavyovutika kwenye mwiko, haukatiki. Utando wenyewe ulikuwa mnene kama ngozi ya kiatu cha mtoto, na kwa ndani ulikuwa na vipande vyeupe vinavyokwaruza. Niliuliza ni nini. Chokaa, akasema, mwili umekuwa ukiijenga. Niliigusa kwa glovu. Ilikuwa ni chokaa kweli, ya ukutani, na ilikuwa kifuani mwangu nikiwa nambeba mtoto.

Kifua changu sasa kimelala. Ngozi imelegea, na chini ya titi la kulia kuna bonde ambapo nyama iliondoka na utando. Sijakizoea. Kuna siku navaa sidiria yenye sponji nene na kuna siku navaa kanga tu. Vidole bado vinauma asubuhi. Uchovu umepungua, hilo nalisema bila wasiwasi, mwezi wa pili nilianza tena kushusha maboksi. Na nalala kwa tumbo. Usiku wa kwanza nilipoweza, nilimwamsha mume wangu kumwonyesha.

Nyota 2 za bidhaa nimezitoa hivi: moja ya miaka minne ya furaha, moja ya kwamba ile ya kushoto ilikaa miaka karibu 11 bila kupasuka. Tatu zimeondoka kwa kukaza, kwa kupasuka kimya, na kwa maji yale. Kama ningeambiwa mwanzoni kwamba ni kitu cha kuhudumiwa na kubadilishwa, kama tairi, ningeipima kama tairi na pengine ningeipa 3.

Utando ulipelekwa maabara wote, pande zote mbili. Daktari alisema huo ndio utaratibu wake kwa kila anayemtoa, hasa tangu Septemba 2022 mamlaka ya Marekani ilipotoa taarifa ya saratani nyingine za nadra zilizokutwa kwenye utando, kwenye silikoni za msasa na laini pia. Nilirudi Dar kabla majibu hayajatoka. Siku ya kumi na mbili nilikuwa dukani, nimemzungushia mteja futi mgongoni, simu ikalia mlio wa ujumbe na nikaona ni namba ya Kenya. Nikamwambia, "Samahani dada, nisubiri kidogo." Alisubiri mikono juu. Nilisoma mara mbili, mstari wa mwisho mara tatu: hakuna seli za saratani, kulia, kushoto.

Nilirudi nikashika futi pale ilipokuwa. Alikuwa 38C, na kwa miaka yote alikuwa akivaa 36.